Mjadala: Tupange mwaka wa kuzima 2G, au viswaswadu viendelee?

Kijana wa Mbezi (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kuna jambo linaniwasha muda mrefu. Vitochi, yaani viswaswadu, simu ndogo za vitufe, bado vinatembea kwenye 2G, kizazi cha pili cha mtandao wa simu, teknolojia iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wenzetu walishaiaga. Telstra ya Australia ilizima 2G Desemba 2016, Singapore wakafuata Aprili 2017. Hapa kwetu mnara mmoja unabeba 2G, 3G, 4G na mjini sasa 5G, umeme huo huo, jenereta hiyo hiyo, na gharama zote zinarudi kwenye bando lako na langu.

Masafa ya redio ya megahezi 900 ambayo 2G imeyakalia yanafika mbali na yanapenya ukuta. Wapeni 4G muone kama mtu wa Sikonge hatapata intaneti ya maana. Tarehe 31 Desemba 2012 tulizima televisheni ya analojia Dar es Salaam, kelele zikapigwa, watu wakanunua ving'amuzi, maisha yakaendelea. Serikali itaje mwaka, tujiandae. Tukisubiri kila bibi wa kijijini ajifunze simu janja tutakaa hapa mpaka kiama. Na kitochi hicho hicho ndicho kinachowalea matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Karibuni kwa hoja.

Mama Kibada

Hapo kwenye "kila bibi wa kijijini" umemkusudia nani? Mama yangu mzazi yuko Namtumbo. Ana kitochi chake, anakipeleka kuchajiwa dukani kwa mwenye sola, kinakaa karibu wiki nzima. Namba za watoto wake wote amezishika kichwani. Namba yake ya mbolea ya ruzuku iliingia humo humo kwa meseji. Huyo ndiye anayekuchelewesha wewe? Ninyi ndio mnatembea na pawabenki na waya umening'inia kama mgonjwa na dripu yake. Bila ramani ya simu hufiki Kibaha.

Fundi wa Aggrey

Mama Kibada amemaliza. Niongeze la kifundi. Mleta mada anazungumza kana kwamba kazi ni kumnunulia kila mtu simu ya 4G tu. Kitochi dukani kwangu ni elfu ishirini na kitu. Simu janja mpya ya chini kabisa ambayo haitanirudia baada ya miezi miwili imekufa chaji ni laki na nusu kwenda juu. Wengi wanakwenda kwenye zilizotumika, zile za Dubai. Sasa hizo za Dubai sikiliza: boksi linasema 4G, intaneti inapiga kweli, lakini sauti ya 4G kwa laini zetu haiwaki, maana ile simu ilitengenezewa soko lingine. Akipiga simu inashuka 3G au 2G. Ukizima hizo mbili, huyo mteja ana kifaa cha kuangalia video. Atakuja kwangu kunipigia kelele mimi, si kampuni.

Mkazi wa Voi

Jirani zenu tunawasoma. "Maisha yakaendelea", eti? Huku Kenya Februari 2015 analojia ilizimwa wakati Citizen, NTV na KTN bado wanavutana na serikali kortini. Tulikaa karibu wiki tatu bila vituo hivyo. Baba yangu alikuwa anawasha televisheni kila jioni saa moja, anatazama chengachenga, anazima. Usiseme maisha yaliendelea kama hukuwa sebuleni mwa mtu.

Na hiyo kabambe, kitochi chenu, mnayoidharau ndiyo iliyozaa M-Pesa. Machi 2007. Hakuna aliyehitaji simu janja. Nyinyi mliipata 2008.

Nyota ya Kusini

Mkenya hawezi kuandika aya mbili bila kutukumbusha M-Pesa. "Mliipata", kama msaada wa chakula! Tulianza Aprili 2008, mwaka mmoja nyuma yenu, na leo ukitaka kumtumia mtu hela kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine Bongo ni kitu cha kawaida tangu enzi. Ninyi kwa miaka mingapi mlikuwa mnatembea na laini mbili kwa sababu mtandao mmoja haukutaka kuzungumza na mwingine?

Mkazi wa Voi

Nimetoa mfano tu bwana, mbona moto? Lakini ukweli utabaki ukweli. Tulitangulia.

Mtu wa Micheweni

Mnagombania nani katangulia, na watu wa visiwani tumenyamaza. Televisheni ya rangi Zanzibar ilianza 1973. Bara televisheni yenyewe, si ya rangi wala si ya nini, mkaja kuiona 1994. Kwa miaka ishirini na moja mtu wa Dar es Salaam akitaka kutazama televisheni anapanda boti. Leo mnatwambia visiwani na vijijini ndiyo tunaowachelewesha.

Mkazi wa Voi

Sisi tulikuwa nayo 1962. Si ya rangi, lakini taarifa ya habari ilikuwa ile ile.

Mhandisi wa Minara

Jamani, naomba niingie kabla hatujafika kwenye telegrafu ya 1879.

Mleta mada, masafa ya 900 umeyasema sawa, yanafika mbali. Lakini kuna kitu umekiruka. Ukibonyeza *150*00# au namba yoyote ya aina hiyo, ombi lako halipiti kwenye data. Linapita kwenye njia ya ishara za mtandao, kama meseji ya kawaida. Ndiyo maana mtu asiye na bando, asiye na salio hata la shilingi, anaweza kutoa hela yake. Na kwenye simu nyingi za 4G, ukibonyeza nyota au ukipiga simu ya kawaida, simu inateremka 3G au 2G, inamaliza shughuli, inapanda tena. Fanyeni sasa hivi mlipo. Bonyezeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu, huku macho yapo pale juu ya kioo. Wengi mtaona 4G inageuka H, yaani 3G, au E, yaani 2G, kwa sekunde chache. Hiyo E ndiyo mnayotaka kuizima.

Halafu Australia imalizie. Oktoba 2024 walizima na 3G. Ikabidi wafungie kabisa simu ambazo zilikuwa na 4G lakini haziwezi kupiga namba yao ya dharura, 000, kwa njia ya 4G. Mtu ana simu nzuri, kioo kizima, betri nzima, mtandao umekataa kumpokea. Ujerumani walikwenda kinyume: 2021 walizima 3G, 2G wakaiacha. Na sababu mojawapo ni kwamba 2G imejaa vifaa visivyokuwa simu. Hapa kwetu angalieni mashine za malipo madukani na vile vifaa vya kufuatilia magari. Vingi vya bei nafuu vina modemu ya 2G ndani.

Kijana wa Mbezi

Mama Kibada, Kibaha nimesoma, nafika nimefumba macho. Tusitukanane.

Nawaulizeni lakini, kwa nini hamtaki kugusa suala la utapeli? Ile meseji ya "hela tuma namba hii, jina litakuja" inawakamata nani? Watu wa kitochi. Wengi wao hata namba ya siri hawakuiweka wenyewe. Aliweka mjukuu, au wakala. Simu janja ina alama ya kidole, ina programu inayokuonyesha jina na picha. Mtu anayempa mwenzake namba ya siri ameshajitakia, na hatuwezi kuiweka nchi nzima kwenye teknolojia ya zamani kwa ajili ya watu wanaojitakia.

Wakala Tunduma

Hapo umegusa mkate wangu, nakujibu bila kupaka mafuta.

Mimi ni wakala, mwavuli na meza, karibu na stendi. Mzee anafika saa nne, amepanda gari tangu alfajiri, ametumiwa hela na mwanawe ya kununua pembejeo. Anakaa kwenye benchi, ananikabidhi simu pamoja na kikaratasi kimekunjwa mara nne. Ndani tarakimu nne. Namwambia mzee wangu, hiki usinipe, weka mwenyewe. Anajibu, mwanangu sioni. Nikiitazama simu, vitufe vimefutika vyote, kwenye 5 kimebaki kile kinundu cha katikati peke yake. Unataka nimrudishe nyumbani? Namsomea menyu kwa sauti. Toa pesa, namba ya wakala, kiasi. Ikifika kwenye namba ya siri namshika kidole nakiweka juu ya kile kinundu, namwambia hapa ni tano, juu yake mbili, chini yake nane, hesabu mwenyewe. Halafu nageuza uso naangalia barabara. Akikosea tunaanza upya, huku foleni inanung'unika.

Huyo ndiye aliyejitakia?

Na kama ni utapeli, aliyelia mbele ya meza yangu kwa hela nyingi kuliko wote alikuwa mwalimu mwenye simu janja ya bei. Alibonyeza kiungo cha mkopo wa haraka. Kitochi hakina hata pa kufungulia kiungo.

Nyota ya Kusini

Wakala wewe ni muungwana, Mungu akubariki, lakini usiwasafishe wote. Na wajukuu ndio usiseme kabisa. Bibi anatumiwa elfu hamsini, anapewa arobaini na tano, anaambiwa "bibi ni makato". Julai 2021 tozo za miamala zilipoanza, wajukuu walipata kisingizio cha kudumu. Serikali ikapunguza Septemba, bibi hakuambiwa kama zimepungua. Mpaka leo kuna bibi anakatwa tozo na mjukuu wake.

Mjukuu Kipenzi

Mimi ndiye huyo mjukuu mnayemsema.

Namba ya siri ya bibi ninayo, naam, na sifichi. Ninyi mnaotuma elfu hamsini mwisho wa mwezi mnajua nani anamwamkia bibi asubuhi? Nani anakwenda kisimani? Hela mnayotuma, mimi ndiye ninayetembea mpaka kwa wakala, nikikuta hana kashi natembea mpaka kwa mwingine, narudi na chumvi, mafuta ya taa na dawa ya presha. Halafu mjomba anapiga simu kutoka mjini, "hebu mpe bibi simu nimuulize amepata ngapi". Nyota ya Kusini, ungenisema hivyo ana kwa ana tungeonana wabaya.

Nyota ya Kusini

Sijakutaja jina. Kofia ikikutosha vaa.

Mama Kibada

Nyota, hapo umekosea adabu. Mtoto anayemlea bibi yake hasemwi namna hiyo.

Niwaeleze mama yangu anavyofanya, maana hakusoma sana na si mjinga. Meseji ya hela ikiingia, anampelekea jirani asome. Halafu anangoja mtoto wa shule yeyote anayepita, anamwita, anamwambia nisomee hii. Zikilingana, ndipo anavaa kanga anakwenda kwa wakala. Zisipolingana ananipigia mimi, na aliyemdanganya atasikia kijiji kizima. Meseji inabaki kwenye simu, haifutiki, kila msomaji anaona tarakimu zile zile. Kwenye hiyo programu yako ya simu janja anampa nani asome? Mtoto akishaishika ile simu amekwenda kwenye michezo.

Mtu wa Micheweni

Hili la kusomewa si jipya. Kwetu mume akisafiri Muscat, barua yake inasomwa na mwalimu wa chuo cha Kurani, mbele ya mama wa kambo na mashangazi. Mke akitaka kujibu anamwambia mwalimu, mwalimu anaandika. Mtaa mzima unajua kaomba khanga mbili na hela ya karo. Siri ya mtu mmoja mmoja, kila mtu na tarakimu zake nne kifuani, hiyo imekuja juzi na laini. Wazee hawajakataa kujifunza. Wamezoea kuwa habari ni ya nyumba, si ya mtu.

Mkazi wa Voi

Micheweni hapo umenena. Huku kwetu telegramu ilikuwa inasomwa na mwalimu mkuu, na kabla hujaipata mkononi umeshaanza kuliliwa.

Sauti ya Kahama

Mimi nakumbuka matangazo ya vifo kwenye redio ya taifa. Nyumba inanyamaza, mzee anainua mkono, hakuna kutafuna. Jina la marehemu, habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo. Redio haikumuuliza mtu ana G ngapi. Sasa msiba unatangazwa kwenye kundi la WhatsApp, asiye na bando anaupata siku ya arobaini. Shangazi yangu alikosa kumzika mdogo wake kwa sababu kila mtu alidhani kwa kuwa "tumeweka kwenye kundi" basi ameambiwa. Hakuna aliyempigia. Hilo linaniuma mpaka leo na sioni mleta mada analo jibu gani.

Kijana wa Mbezi

Pole sana kwa msiba, mkuu. Lakini hapo kosa ni la ndugu, si la teknolojia. Na mimi sikusema izimwe kesho. Nilichosema ni itajwe tarehe. Kama tatizo ni bei ya simu janja basi tuzungumzie bei. Serikali na kampuni wakae, simu ya 4G ya bei ya kitochi iingie, mtu alipie kidogo kidogo kwa mwaka. 2019 ilikuja ile Smart Kitochi, ilikuwa na vitufe, ilikuwa na WhatsApp. Inawezekana.

Fundi wa Aggrey

Ulisema "tukisubiri tutakaa mpaka kiama". Sasa tumehamia kwenye mkopo wa simu. Sawa, ni maendeleo.

Hiyo Smart Kitochi nimeitengeneza. Betri ilikuwa haikai kama ya kitochi, maana WhatsApp ilikuwa haijali una vitufe au kioo, inakula chaji. Mteja wa kijijini anayelipia kuchaji anahesabu hela mara mbili: ya bando na ya dukani kwa mwenye sola. Na ukimkopesha simu, akichelewa kulipa wanaifunga kutoka mbali. Siku imefungwa ndiyo siku mtoto ana homa.

Dada wa Uyole

Nimesoma kuanzia juu na naona mfano mzuri mmemruka wote. LUKU.

Mita za umeme wa kulipia kabla, za aina ya hizi za LUKU, duniani kote zilikuwa na hesabu ya muda iliyoanza 1993, na ilikuwa inafika mwisho tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita ambayo haijabadilishwa ingekataa namba mpya. TANESCO wakatangaza. Ukinunua umeme unapewa makundi matatu ya tarakimu ishirini: mawili ya kuibadilisha mita, la tatu ndilo umeme wenyewe. Watu waliingiza, bibi kwa babu, kwa kitochi kile kile kilichowaletea namba. Hakuna aliyeambiwa kanunue mita. Lilikuwa badiliko kubwa kuliko ving'amuzi, na wengi wamelisahau kwa sababu halikuwatoa hela mfukoni.

2012 mwananchi ndiye aliyebeba gharama, akaenda kununua king'amuzi. 2024 gharama ilibebwa na mwenye mtambo. Kwa hiyo kabla ya kupanga mwaka wa kuzima 2G, nataka kujua mtu mmoja tu: nani atalipa? Kampuni ndiyo itakayopata masafa ya 900 na kuokoa umeme wa mitambo. Basi kampuni inunue vitochi vya 4G vyenye sauti ya 4G, ibadilishane kimoja kwa kimoja na vya zamani, hapo hapo kwa wakala. Ikishamaliza ije itutajie tarehe. Ikiona ni ghali sana, basi tumejua kuzima huko kulikuwa kwa faida ya nani.

Nyota ya Kusini

Dada, LUKU yangu ilikataa! Niliingiza kundi la kwanza, likakubali, la pili likagoma. Nilikaa gizani mpaka kesho yake.

Wakala Tunduma

Nyota, wengi walikuwa wanaanza na lile la tatu. Ilikuwa lazima zifuatane kama zilivyoandikwa. Niliandikia watu kwenye karatasi 1, 2, 3 kwa kalamu nyekundu.

Nyota ya Kusini

Nilifuata. Mita yenyewe ilikuwa na vitufe vibovu, sifuri haishiki.

Fundi wa Aggrey

Sifuri ya mita ikigoma usiibonyeze kwa kucha, tumia kidole kizima na subiri. Na usithubutu kuifungua, ile imefungwa kwa lakiri.

Kijana wa Mbezi

Tumeanza kutengeneza mita sasa. Dada wa Uyole, hoja yako nitaijibu, lakini kwanza nimalizane na suala la usalama, maana hakuna aliyenijibu. 2G ina ulinzi dhaifu, hilo halibishaniwi. Usimbaji wake wa zamani ulishavunjwa na wataalamu miaka mingi. Mtu akiwa na kifaa anaweza kujifanya mnara.

Mhandisi wa Minara

Ni kweli, kwenye 2G simu inajitambulisha kwa mnara, lakini mnara haujitambulishi kwa simu. Huo ni udhaifu na sitaupinga. Ila wale wa "tuma kwenye namba hii" hawana mnara wa bandia. Wana laini iliyosajiliwa na mdomo. Januari 20, 2020 ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kusajili laini kwa alama za vidole, tukaambiwa utapeli utakwisha. Nenda 5G au 7G, atakupigia tu akuambie umeshinda bahati nasibu.

Nikumbushe pia Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika siku moja. Intaneti nchini ilidhoofika vibaya. Nilikuwa Moshi, WhatsApp haifunguki, barua pepe haifunguki, na palepale sokoni wamama wanapokea malipo ya nyanya kwa kubonyeza nyota. Muamala wa ndani hauhitaji kupita baharini. Kuhamishia kila kitu kwenye data ni uamuzi mzito.

Mama Kibada

Na 115 je? Kule vijijini mama mjamzito akizidiwa, anapigiwa 115 bure, m-mama, gari linatafutwa, hata la mtu binafsi, linampeleka hospitali. Nani anapiga? Mume mwenye kitochi, au mhudumu wa zahanati. Usiku, mtandao ukiwa kijimstari kimoja. Kijimstari kimoja cha 2G kinatosha kusema "njooni". Nimekaa na mdogo wangu kwenye hali hiyo. Gari lilikuja. Sitaki kusikia kwamba kitochi kinamchelewesha mtu.

Kijana wa Mbezi

Mama, sauti ya 4G kwenye masafa ya 900 ingefika vilevile, na ingesikika vizuri zaidi. Hiyo ndiyo hoja yangu tangu mwanzo. Serikali imeingia mikataba ya minara 758 vijijini Mei 2023. Tujenge minara mipya kwa ajili ya teknolojia ya miaka thelathini iliyopita?

Dada wa Uyole

Ijengwe na iwashwe yote. Swali langu la nani alipe liko pale pale juu, linakungoja.

Sauti ya Kahama

Samahani natoka nje kidogo. Hivi tukiletewa ile meseji ya matapeli tunaipeleka wapi? Nimepata nyingine leo asubuhi, ameandika kabisa "mimi baba mwenye nyumba".

Wakala Tunduma

Ifowadi kwenda 15040, ni bure. Watakujibu uweke namba ya aliyekutumia, unaiandika unatuma. Usiifute kwanza, na usimjibu yule mtu hata kwa matusi, maana ukijibu anajua laini inatumika.

Nyota ya Kusini

Nimetuma nyingi huko, sijawahi kuona mtu kakamatwa.

Mjukuu Kipenzi

Mimi ninatuma kila inapoingia kwenye simu ya bibi. Kwa kitochi. Kuna namba tatu zilizokuwa zinamsumbua, sasa ukizipiga hazipatikani. Na wewe Nyota bado unanidai samahani.

Nyota ya Kusini

Sijakutaja jina.

Mjukuu Kipenzi

Ulisema "mpaka leo kuna bibi anakatwa tozo na mjukuu wake". Humu ndani mjukuu aliyejitokeza ni mmoja. Nitaje au ufute.

Mtu wa Micheweni

Nyota, mtake radhi kijana tuendelee. Na wewe Mkazi wa Voi, hiyo 1962 yenu ilikuwa inaonekana mpaka wapi? Voi mlikuwa mnaiona?

Mkazi wa Voi

Voi tulikuja kuiona baadaye. Lakini Nairobi ilikuwepo.